Nilifuta Uso wa Paulina kwa Majivu

Kosa ni langu, na simsingizii shetani. Jina langu naomba lisitajwe, maana huku Hanang tunajuana mno.

Mimi ni mtu wa usafi. Kwenye sufuria zangu unaweza kujitazama. Ndiyo maana akina mama wa parokia walinichagua kiongozi wa usafi, nami nikavimba kichwa.

Kanisa letu lina madirisha ya vioo vya rangi, yaliyowekwa na padri mzungu enzi mama mkwe wangu akiwa msichana. La katikati ni Bikira Maria. Uso wake padri aliuchora kwa brashi huku akimtazama Paulina, dada yake mama mkwe, aliyekuwa akiwachotea masista maji. Mwaka uliofuata Paulina akafa kwa surua. Hakuwahi kupigwa picha. Basi kila Jumapili mama mkwe alikaa benchi lile lile, akimtazama dada yake.

Siku zile mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, parokia ikamwita fundi wa vioo kutoka Arusha aje kuyakarabati. Akatuma neno vioo visiguswe mpaka afike. Nilicheka. Mwanamume anifundishe mimi kuosha?

Mama mkwe alikuwa akilalamika kwamba Paulina anazidi kuwa mweusi kwa moshi wa mishumaa. Nikataka kumfurahisha. Nikapanda ngazi na magadi ya Ziwa Balangida na majivu, vile vile tunavyosugua sufuria. Nilisugua kweli kweli! Maji meusi yakatiririka, nami nikazidi kufurahi. Nilipopangusa, kioo kilikuwa kitupu. Macho, pua, mdomo, vyote vilikuwa kwenye ndoo.

Jamani, nilishuka ngazi, nikaimwaga ile ndoo kabla mtu hajaja.

Fundi alipofika alieleza kwamba rangi nyingine zimo ndani ya kioo chenyewe, lakini uso ule ulipakwa juu tu, haukuchomwa motoni ili ushike. Kama usingeguswa, angeweza kuuokoa. Sasa bila picha hawezi kuurudisha. Paroko akauliza nani ameugusa. Nikasema labda ni jua na mvua za miaka mingi, na wakaniamini. Mama mkwe hakuna aliyemwambia, maana wote walidhani nimeshamwambia mimi.

Jumapili mama mkwe akakaa benchini kwake, akatazama juu. Akafuta macho kwa kitenge, akatazama tena. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia, kwa hiyo hakushuku kitu.

"Mwanangu," akaniambia, "macho yangu yamekwisha. Simwoni tena Paulina."

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Nikasema, "Pole, mama."

Toka siku ile akajihesabu kipofu. Akaacha kutunga shanga, akaacha kuchambua maharage. Njia ya kanisani aliyoipita maisha yake yote, akataka ashikwe mkono. Na aliyemshika ni mimi!

Jumapili yake ya mwisho aliniuliza, "Nitazamie wewe. Bado anatabasamu?"

Nikakitazama kile kioo kitupu. "Anatabasamu, mama."

Tulimzika ngano ikiwa inavunwa.

Akina mama wenzangu, si kila cheusi ni uchafu. Ukiambiwa usiguse, usiguse. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inakukauka. Mimi ninaandika gazetini kwa sababu niliyepaswa kumwambia hayupo.