Tundu Lililomchoma Abti Diriye

Abti Diriye, ndugu yake mama, alichimba kisima chake kwenye jiwe jeupe kabla sijazaliwa. Hapa Wajir aliyechimba ndiye mwenye jina, na ngamia wake hunywa kwanza. Kwa hiyo ni Kisima cha Diriye, na ole wako ukosee.

Chini ukutani kuna tundu linaloleta maji. Katika ukame wa tisini na sita, bintiye Sahara aliolewa na Alio, kijana wa Garissa aliyejifunzia kuogelea katika Mto Tana. Siku moja Alio alishuka, akavuta pumzi, akajipenyeza tunduni, akapotea. Sahara alianza kulia. Kisha Alio akaibuka anacheka.

"Adeer!" akamwita mkwewe kwa heshima. "Huko nyuma kuna chumba! Maji mpaka shingoni, juu hewa, dari nyeupe kama maziwa!"

Vigelegele! Kesho yake wachungaji wakaanza: "Leo tunanywesha kwa Alio."

"Kwa Alio?" abti akafoka. "Amechimba nini? Ameingia tu, kama panya!"

"Wewe mbona hukuingia?" mkewe Faduma akamchokoza. "Miaka yote umesimama mlangoni, hujui una chumba."

Watu walipokwenda kuswali adhuhuri, abti alishuka na mti mrefu, akasukumia mawe na udongo ndani kabisa ya tundu.

"Ni kwa ajili ya watoto," aliniambia nilipomfuma. "Wasizame."

Watoto gani? Hakuna anayeshuka mle.

Ngamia wakanywa, na maji hayakurudi. Abti akahangaika kutoa mawe ya mbele. Maji yakapanda kidogo, yakalifunika tundu, yakakomea kiunoni. Mawe ya ndani yalitaka mtu azamishe kichwa, naye hawezi. Juu ngamia wanalia, wenyewe wanatukana.

"Alio, mwanangu," akaita kwa sauti ndogo, "hebu tazama."

"Nani ameziba, adeer?"

"Wallahi, mawe huanguka."

"Yakaanguka na udongo wake?"

Faduma alicheka mpaka akakaa chini. Alio akazama, akatoa jiwe baada ya jiwe, maji yakajaa. Vigelegele tena, virefu kuliko vya kwanza.

"Anachafua maji tu," abti akanong'ona, mkononi kashika kamba ya kumpandishia Alio.

Siku hizi kila asubuhi yeye huingiza kichwa kwenye karai la kunyweshea mbuzi, akazuia pumzi, akatoka anakohoa, ndevu zinachuruzika.

"Alio hukaa zaidi ya hapo?"

"Zaidi, aabo," Sahara humjibu babake.

Anarudisha kichwa.