Jina la Asali Yangu Mnadani

Baba yangu alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Segese, na huko nilijifunza adabu moja: mnunuzi akiishika dhahabu kiganjani na kupatana bei, wenzake hufunga midomo mpaka airudishe. Ukiwa na mwenzako wa karibu, unamnong'oneza mwisho wa uwezo wako, ili ukikwama akuongezee. Aliyevunja adabu hiyo hakupewa hata salamu.

Mimi nauza asali Ushirombo, wilayani Bukombe. Jina la asali hiyo nililibuni mwenyewe, nikalibandika kwenye chupa, likawa pia jina la tovuti, na wateja wa mbali wote walinipata kwa hilo. Fundi aliyenitengenezea tovuti aliisajili kwa barua pepe yake, kisha akaacha kuitumia barua pepe hiyo. Taarifa za kulipia upya zikawa zinaishia huko. Naamka siku moja, tovuti haipo, na jina langu, kwa kutolipiwa, linanadiwa mtandaoni kama mbuzi wa kuokotwa.

Nilikwenda Masumbwe kwa rafiki yangu, naye muuza asali. Binti yake nilimsimamia ubatizo. Tukakaa sebuleni kwake, simu yangu mezani. Mnada ule hauonyeshi sura wala jina la mtu, ni namba tu. Nikamnong'oneza mwisho wangu, kama baba alivyokuwa akifanya.

"Usihofu, mayu," akasema, akiniita mama kama kawaida yake. "Nani atahangaika na jina la asali ya Bukombe?" Kisha akachukua simu yake, akaenda jikoni kuangalia maharage.

Kila nilipoweka dau, namba nyingine ilipanda juu yangu. Nikapanda mpaka nikafika mwisho wangu. Ile namba ikanizidi kidogo tu, ikatulia. Rafiki yangu aliporudi nilimwomba aniongezee, akasema hana kitu. Akanipa pole, akanishika bega, akanilisha yale maharage. Nami, mjinga wa kutupwa, nikamshukuru.

Baada ya muda tovuti ikarudi hewani, na chupa za rafiki yangu, na namba yake ya simu chini kabisa. Namba ile naijua kwa kichwa. Nikaipiga palepale.

"Umenifanyia hivi mimi?"

"Mayu, mnada ni mnada. Hapa si Segese. Nisingelichukua mimi, angelichukua mwingine."

"Huyo mwingine nisingemwambia mwisho wangu."

Akauliza kama nitakuja kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto. Nilikata simu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema neno hilo tangu utotoni, na siku zote nilidhani linawahusu watu wasiojua kuchagua marafiki. Niliwaandikia wenye mnada, wakajibu kwamba aliyeshinda ameshinda. Iliniuma, na inaniuma hata sasa ninapoandika.

Juzi mteja wangu wa zamani wa Kahama alinipigia. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Ile asali niliyoagiza kwenye tovuti yako imechanganywa na sukari. Sikutegemea, mama, si kwako."

Nikaanza kumweleza habari za mnada, nikasikia jinsi ninavyofanana na tapeli anayetafuta pa kutokea. Akanisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Lakini jina ni lako, mama?"

Nikamwambia ndiyo, ni langu. Nikamwomba radhi.