Sinema ya Kifaransa Sebuleni kwa Bibi

Wenzangu mliokulia mtaa wa Hindawiyah zama za kaseti za video mtanielewa. Jeddah haikuwa na sinema, na sebule ya bibi yangu, Bi Zuwena, ndiyo ilikuwa sinema yetu. Alasiri wanawake wa Kizanzibari wa mtaani walivua mabaibui, wakajipanga kwenye magodoro ya ukutani, dele la kahawa katikati na kashata pembeni, na udi umetanda mpaka macho yanawasha. Sisi watoto tulikuwa na kazi. Wazee walikisema Kiarabu vizuri kuliko sisi, lakini maandishi yanayopita chini ya picha hawakuyawahi. Kwa hiyo mtoto mmoja alikaa mbele ya televisheni akiwasomea kwa Kiswahili. Zamu yangu ilipofika nilijiona mtu mzima.

Siku moja Ami Nassor, aliyekuwa karani bandarini, akaleta kaseti aliyopewa na baharia. Ilikuwa sinema ya zamani ya Kifaransa, nyeusi na nyeupe, ya kuwacheka wakubwa: familia ya jumba la fahari inagombana wiki nzima nani akae karibu na nani kwenye karamu, huku watumishi wanapanda na kushuka ngazi na masinia. Ami alitazama robo saa, akasema sinema gani hii hapigwi mtu, akaondoka zake. Mama aliyapenda mapazia. Wengine walicheka mpaka wakafuta machozi, maana ugomvi wa viti waliujua kwenye harusi zetu.

Wawili hawakucheka: Bibi, na Bi Saada wa ghorofa ya chini. Unguja, kabla ya sitini na nne, Bi Saada alikuwa mtumishi nyumbani kwa Bibi. Mapinduzi yakawatoa wote wawili, wakajikuta wamepanga jengo moja, wanahangaikia ikama, kile kibali cha kuishi, kwa kafili mmoja, mwenyeji anayewadhamini. Waliitana dada. Lakini Bi Saada akija kwetu, yeye ndiye aliyeinuka kumimina kahawa, na hakuna aliyemwambia akae. Mimi nilidhani anapenda tu.

Basi mwenye jumba akamwambia mgeni wake maneno juu ya watumishi, nami niliyekuwa zamu nikasoma kwa sauti: "Hawa usiwaonee huruma. Hawachoki, wameumbwa hivyo."

Bi Saada alikuwa amesimama na dele. Akasema taratibu, "Maneno yako hayo, Bi Zuwena. Ulimwambia shoga yako, nami nipo mlangoni na mimba ya mwanangu Rajabu."

Niliogopa Bi Saada hatakuja tena, na yeye ndiye aliyekuwa akinisuka nywele. Nilitamani nirudishe kanda nyuma nisome jengine. Bibi akainuka, magoti yanamuuma, akalichukua dele.

"Kaa, Saada," alisema. "Ni kweli nilisema. Nisamehe."

Akammiminia, kahawa nyengine ikamwagika mkekani. Bi Saada akakaa. Akanywa yote, kisha akasema imepungua tangawizi. Tangu siku ile hakumimina tena kwetu, na mimi nikaendelea kusukwa.

Siku hizi naishi Riyadh, na sinema zimejaa kwenye majumba ya maduka. Juzi wakaionesha ile ile, imesafishwa, na baada yake mazungumzo. Nilikuwa na hamu kubwa ya kujua wengine wameionaje. Mhakiki mmoja kijana akasema ni kejeli bora kabisa ya maisha ya wakubwa. Mama mmoja akambishia, akasema ni ukatili mtupu, matajiri nao wana moyo. Mwengine nyuma akasema imemchosha. Binti yangu Salma alikwishaipa nyota mbili kwenye simu kabla haijafika nusu. Watoto wa leo huhukumu kwanza, wakatazama wakipata nafasi. Niliwasikiliza wote, nikajiuliza kila mmoja amekulia nyumba ya namna gani.

Tulipoingia garini nikamgeukia Mwende, dada wa Machakos anayetufanyia kazi za nyumbani. Tulikwenda naye ili ampakate mtoto wa Salma. Nikamuuliza yeye ameionaje.

"Sijui walikuwa wanasema nini, madam," akajibu. "Hiyo Kiarabu ya kuandikwa mimi sisomi."

Niliona haya. Saa mbili nzima nimekaa bega kwa bega naye. Utotoni mwetu hatukuwa na viti vya kulala wala bisi za karameli, lakini hakuna aliyekaa sebuleni kwa Bibi bila kusomewa. Mtoto wa miaka tisa alijua kwamba ni wajibu wake. Leo Salma ameziba masikio kwa vidude vyake vya kusikilizia, na mimi niliyekuwa msomaji hodari wa mtaa mzima sikumnong'oneza Mwende hata sentensi moja.

"Na picha zenyewe?" nikamuuliza.

Akamfunika mtoto miguu kwanza.

"Wale wa jikoni," alisema, "walikuwa wamechoka, madam."