Zamu ya Kisimani

Nilipotoka jeshini na kuingia darasa la uzamili wa biashara jijini Nairobi, mwishoni mwa miaka ya tisini, niliwakera wenzangu. Nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Kazi ya kikundi niliigawa kama doria: wewe takwimu, wewe uandishi, wewe utazungumza mbele ya darasa, tukutane Jumamosi saa mbili kamili. Watu wa benki na bima walinung'unika, kisha wakaanza kugombea nafasi katika kikundi changu, maana tulimaliza mapema wengine wakiwa bado wanalaumiana. Sitajifanya mnyenyekevu. Jeshi lilinifaa sana pale.

Hesabu ndizo zilizonishinda. Muhula wa kwanza nilianguka mtihani wa takwimu, na barua ya ofisi ikasema wazi kwamba nikianguka somo jingine, nifunge virago. Somo lililonitia hofu zaidi lilikuwa la uendeshaji, hasa ile mada ya foleni, yenye herufi za Kigiriki zilizonitazama kama mwizi. Bahati yangu, mhadhiri alitangaza kwamba nusu ya alama ingetokana na mfano halisi ambao mwanafunzi aliusimamia mwenyewe. Mfano nilikuwa nao. Kwamba ulikuwa wangu, hilo ni jambo jingine.

Miaka michache nyuma, nikiwa luteni, nilipelekwa na askari wachache kulinda kisima cha pampu upande wa Diff, mpakani na Somalia. Ukame ulikuwa umekausha visima vingi na wafugaji walikuwa wakivutana. Siku ya kwanza nilitoa amri niliyoiona ya haki kuliko zote: anayefika kwanza ananywesha kwanza. Nilichora mstari mchangani kwa fimbo, nikawapanga watu kama gwaride. Waliofika kwanza, bila shaka, walikuwa wenye mbuzi wanaokaa pale pale jirani.

Kabla ya adhuhuri akafika mwanamke mmoja na ngamia wanne. Wa mbele alibeba miti na mikeka ya nyumba yao, na juu ya mzigo ule aliketi mama yake mzazi, mgonjwa, amejifunika shuka hadi usoni. Mwanamke yule aliutazama mstari wangu, kisha akanijia moja kwa moja.

"Afande, hii si sawa," akasema kwa lafudhi ya Kisomali. "Mtu ya mbali anabewa maji kwanza, juu iko na safari. Halafu mnyama dhaifu. Mbuzi ya haba karibu inangoja, hata kesho. Sisi tunafanya hifyo tangu zamani."

"Mama, hapa ni amri. Rudi nyuma."

"Na mama yangu?"

"Kila mtu ana mama," nikamjibu.

Askari wangu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Mimi mtu wa pwani, niliyelelewa kwa mgeni njoo mwenyeji apone, nilimrudisha mgeni nyuma ya mbuzi sitini kwa sababu ya mstari niliouchora mwenyewe. Mpaka leo hilo naliona aibu.

Alasiri mambo yakaharibika. Pampu ilipopumzishwa, wenye ngamia wa mbali waliona jua linashuka na zamu haisogei, wakasukuma wanyama wao hadi kwenye birika, na fimbo zikainuliwa. Tuliwatuliza kwa shida. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya yule mwanamke, nikaufuata mstari mpaka mwisho kumtafuta. Hakuwepo. Mfugaji mmoja akaniambia amekwishaondoka bila kupata maji, na kwamba njia aliyoishika haina maji ya kutegemewa kwa mwendo wa siku mbili.

Tangu kesho yake nilifuata utaratibu wake neno kwa neno. Wa mbali, kisha dhaifu, kisha jirani. Hakuna aliyeinua fimbo tena. Mkubwa wangu alikuja kutoka Garissa, akaona utulivu ule, akaniandikia barua ya sifa. Niliipokea.

Darasani niliuita mfumo wangu. Nilichora ubao mzima, nikaeleza jinsi nilivyochunguza tatizo na kubadilisha kanuni katikati ya kazi, kama kiongozi anavyotakiwa. Mhadhiri alinivika kilemba cha ukoka mbele ya wote, akasema hivi ndivyo jeshi linavyotengeneza mameneja. Nilifaulu somo, nikabaki chuoni.

Tulipotoka, mwanafunzi mwenzangu mmoja, mtu wa Wajir aliyekuwa na duka la nguo Garissa, alinisimamisha kwenye korido. Alikuwa mpole, wala hakuja kugombana.

"Walaal, ndugu yangu, ile zamu ni ya kwetu kabisa," akasema. "Nani alikufundisha?"

Alama zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Kusema kweli kusingenigharimu chochote isipokuwa uso wangu mbele ya mtu mmoja.

"Mama mmoja," nikasema. "Alikuja na ngamia wanne na mamake mgonjwa."

Uso wake ukang'aa. "Na wao walipata maji?"

"Walipata," nikamwambia. "Niliwaweka wa kwanza."

"Alhamdulillahi," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwomba Mungu anilipe kwa maji yale.