Chai ya Daktari

Eddah Amondi hakuwa daktari, ni mhudumu wa afya wa kujitolea tu, ila kambi nzima ya wachuma chai kule Mogogosiek ilimwita hivyo. Korona ilipoingia, alipita nyumba hadi nyumba akimuuliza kila mgonjwa amekaa na nani. Majibu hayakushikana. Wa nyumba hii hakuwa amekutana na wa ile, na bado wote walikohoa. Kwani ugonjwa huu una mabawa? Wasiwasi ulimnyima Eddah usingizi.

Leo alikuwa kwa Mama Sagini, aliyekohoa hadi akashika ukuta.

"Mama, fikiria vizuri. Wiki jana ni mgeni gani aliingia hapa?"

"Hakuna mgeni, daktari. Haki ya Mungu."

Mama akamsogezea kikombe, maana huku mtu haachiliwi aende bila chai, na kukataa ni dharau. Eddah akashusha barakoa hadi kidevuni, kama alivyofanya kila nyumba, na hapa pia wiki jana. Mvuke ukampiga usoni. Akanusa. Akanusa tena. Chai haikuwa na harufu yoyote.

Akakiweka kikombe chini, akapandisha barakoa.

"Mama Sagini, mbona hukunitaja mimi?"

"Wewe?" Mama akacheka katikati ya kikohozi. "Wewe si mgeni hapa."