Maua Yangu ya Kiangazi na Wageni wa Mwanhuzi

Jamani, jambo hili nimelificha vya kutosha, na hata leo jirani yangu Mama Doto akikutana nami pale sokoni Bariadi akabana midomo hivi, najua anakumbuka, basi afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko mlisikie kwake, maana yeye anaongeza chumvi (na chumvi haihitajiki, lilivyo tu linatosha kuniua). Mimi ndiye yule mama aliyewafanya wakwe zake walie msiba usiokuwepo. Ndiyo, mimi. Chekeni mmalize, halafu nianze.

Binti yangu Kabula alikuwa amepata mchumba, Shija, kijana wa Mwanhuzi kule Meatu, fundi umeme, mpole, anayekusalimia mpaka unachoka kuitikia. Wazee wa kwao walipanga kuja kuzungumza mahari, siku ikakaribia, mara baba yake Shija akaugua ghafla na akafariki, Mungu amrehemu. Tukaenda kuzika, tukarudi, tukasubiri. Baada ya miezi kadhaa mshenga, yaani yule mzee anayepeleka maneno kati yetu na wao, akatuletea siku mpya, ila akatuambia na la pembeni, kwamba baba mdogo wa Shija, Mzee Malimi, ameanza kusema huenda hiyo ni ishara mbaya na kijana atafutiwe mchumba wa karibu karibu. Kabula aliposikia hivyo alikonda, chakula anakichokonoa tu. Siku ile haikuwa ya kufanya mchezo nayo, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa mtu mwenye akili angewaza mbuzi, mchele na viti. Mimi nikawaza maua.

Nilikuwa nimeona nyumba moja Mwanza, ukiingia getini tu maua yanakupokea kulia na kushoto, nikasema wakwe zangu wakishuka kwenye gari na wao wapokelewe hivyo, wajue Kabula anatoka kwa watu. Tatizo ni kiangazi chetu, mnakijua, ardhi inapasuka mpaka unaweza kuingiza mguu. Nilinunua mawaridi kwa wauza miche wa barabarani, yakakauka kabla sijajua yangekuwa ya rangi gani. Nikapanda yale mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba, yakataka maji kuliko ng'ombe, na maji yenyewe tunanunua. Bogenvilia nikaambiwa ningoje ikue. Nikasema hapana, mimi nataka ua la kudumu, ambalo halifi kila mwaka nikaanza upya, linalochanua jua likiwaka, halafu lisinidai maji.

Basi nikaenda Sola kwa dada yangu kumsaidia kuvuna pamba, na huko ndiko nilikoyaona. Kila kitu kimekauka, majani ya mti yanavunjika ukiyagusa, lakini nyuma ya nyumba ya dada, maua yamejaa, yale madogo ya pinki na meupe, yanacheka na jua. Nikamwuliza nani anamwagilia. Akasema hakuna, yanaota yenyewe, yanachanua mwaka mzima, chukua utakavyo. Kweli yalikuwa juu ya kaburi la mama mkwe wake, sikatai, niliona kwa macho yangu. Lakini nikajisemea ua ni ua.

Nikarudi Bariadi na miche gunia zima. Udongo wetu mweusi nikaukataa, nikaagiza mkokoteni wa udongo mwekundu, nikainua matuta mawili marefu, moja kulia kwa njia ya kuingilia nyumbani na moja kushoto, nikayazungushia matofali ili kuku wasichakure, na matofali nikayapaka chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta (kwa nini itupwe?). Miche ikiwa michanga niliikinga na jua kwa vyandarua vikuukuu, kwa hiyo kila tuta nikalichomekea mti mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni, na kila mti nikaufunga kijiti cha kukatiza ili chandarua kipate pa kulala. Mnaanza kuona? Mimi sikuona.

Mama Doto aliona. Alisimama pale njiani na ndoo yake kichwani, akaniambia, "Mama Kabula, hayo si ya makaburini?"

Nikamjibu, "Kwani yamesoma bango yakajua pa kuota?"

"Haya, mimi nimesema tu."

"Na mimi nimesikia tu."

Ndivyo nilivyo, mtu akinishauri jambo langu la maua moto unanipanda mpaka masikioni. Mume wangu naye, Baba Kabula, alipoulizwa maoni alitazama akasema, "Ng'ombe hawali hayo," akaenda zake, na mimi nikahesabu hiyo ni sifa.

Siku ikafika. Maua yamechanua jamani, kama nimeyaambia! Asubuhi nikakumbuka vyandarua, nikavitoa vyote ili wageni wayaone vizuri, miti na vijiti vyake nikaviacha, nani ana nafasi ya kung'oa miti na wageni wako njiani? Tukafunga turubai, tukapanga viti vya plastiki vya kukodi, sufuria kubwa zikawa juu ya mafiga, moshi unatoka, akina mama wa mtaa wamejifunga khanga wanakoroga, wazee wa ukoo wetu wamekaa kimya wanasubiri. Simu yangu ilikuwa imezima, nilisahau kuichaji, kumbe mshenga alikuwa anaipiga tangu walipotoka Mwanhuzi.

Sasa jiwekeni nyie kwenye lile gari. Mnamtafuta mwenyeji kwenye simu hapatikani. Mnafika, mnakuta turubai, wazee kimya, masufuria, na mbele ya nyumba matuta mawili ya udongo mwekundu yamezungushiwa matofali meupe, yamepandwa yale maua, na yana misalaba.

Nilikuwa jikoni nikasikia kilio. Si kilio cha kubabaisha, ni kile cha kukata maini, cha mama mtu mzima. "Wawili! Wote wawili jamani! Mayu wee, wote wawili!" Nikatoka mbio na mwiko mkononi, namkuta Shangazi Holo, dada wa marehemu baba yake Shija, amejitupa chini katikati ya matuta yangu analia, na wenzake wamevua kofia. Kichwani mwangu likaja jambo moja tu, Shija, ambaye sikumwona kati yao, amekufa njiani, na amekufa pamoja na mtu mwingine. Nikatupa mwiko, nikapiga ukunga, nikamwangukia Shangazi, tukakumbatiana pale chini.

"Pole mayu, pole sana," ananiambia, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Poleni na nyie," namwambia, "poleni sana, Mungu ametupiga."

"Ametupiga!"

Na kwetu huwezi kumuuliza mtu jina la marehemu kabla hujalia naye, unalia kwanza, mengine baadaye. Kwa hiyo tukalia. Akina mama wa jikoni wakatoka wakaunga, majirani wakasikia wakaja na mikeka na kuni, Mama Doto akaja anakimbia khanga inamdondoka, analia kuliko wote. Wazee wetu wakasimama wakaenda kupeana mikono na wazee wa Mwanhuzi, kila mmoja anampa mwenzake pole, kila mmoja anaipokea. Ndani, Kabula, ambaye alikuwa amefichwa chumbani kama ilivyo desturi, alisikia akajua ni Shija wake. Alitoa sauti moja ambayo sitaki kuisikia tena maisha yangu yote, akaanguka mlangoni.

Ndipo Baba Kabula akatokea nyuma ya nyumba alikokuwa anachuna mbuzi, mikono ina damu, akasimama katikati yetu akauliza, kwa ile sauti yake ya pole pole, "Nani amekufa?"

Mimi nikamtazama Shangazi. Shangazi akanitazama mimi. Mzee Malimi akanyoosha fimbo yake kwenye matuta, akasema, "Si hawa?"

Baba Kabula akayatazama, akakuna shavu kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na damu. "Hayo ni maua ya mke wangu."

Kuna mtu alicheka (Mama Doto, najua ni yeye), akajikohoza haraka. Mzee Malimi akavaa kofia yake taratibu, akanigeukia. "Mama, unataka kutuambia tumeililia bustani?"

"Ndiyo baba," nikasema. Nilikuwa nimekaa chini, nimejaa udongo, kilemba sijui kiko wapi, nikatamani lile tuta liwe kaburi kweli nami niingie.

Kama ingeishia kwenye kicheko, leo ningekuwa nacheka. Lakini Mzee Malimi hakucheka. Akasema kwao nyumba iliyolia haizungumzi mahari siku hiyo, kilio ni kilio hata kikiwa cha makosa, na safari ya kwanza tulizuiwa na msiba, ya pili tumezuiwa na hiki, basi wao warudi nyumbani wakakae wafikiri. Wazee wengine wakaanza kutafuta mlango wa gari. Nikageuka nikamwona Kabula. Alikuwa ameinuliwa, ameshika fremu ya mlango, ameshajua Shija ni mzima, na papo hapo ameshajua anamkosa. Hakunisema. Laiti angenisema. Alinitazama tu, na nilijiona mama mjinga kuliko wote Simiyu nzima, niliyemwuza mtoto wangu kwa maua ya pinki.

Shangazi Holo bado alikuwa amekaa chini pale pale. Akasema, "Malimi, rudi."

Mzee Malimi akasimama.

"Kaka alipofariki," Shangazi akasema, "nani alipika? Nani alipokea watu? Nani alitafuta ng'ombe wa kuchinja, nani alilaza wageni?" Akawatazama mmoja mmoja. "Mimi. Nyote mlilia, mimi sikulia. Nilisema nitalia wakishaondoka watu, watu wakaondoka, chozi halikutoka. Miezi yote hii nimekaa nalo hapa," akajipiga kifua, "hata kulala silali vizuri. Leo nimeanguka hapa nawalilia watoto wa watu, mara namwona kaka yangu. Nimemlilia kaka yangu, Malimi. Hiki kilio ni cha kwetu. Tumetoka nacho Mwanhuzi ndani ya gari, nyumba hii imetupa tu mahali pa kukitua. Sasa nimemaliza. Nipeni maji ninawe, tuzungumze ng'ombe."

Jamani, sijui niwaambie vipi nilivyojisikia. Kabula mwenyewe ndiye aliyeleta maji, akapiga magoti, nusu ya maji yanamwagikia khanga ya Shangazi, na Shangazi akanawa akasema, "Wabeja, ng'wanone." Asante, mwanangu. Alimwita mwanangu mbele ya wote. Mzee Malimi akaenda akavuta kiti cha plastiki akakaa chini ya turubai. Machozi nayo nikayaona, ingawa aliyafuta kwa kofia akasingizia moshi.

Mahari ilizungumzwa. Walibishana kuhusu ng'ombe mpaka sauti zikapanda, na mimi jikoni nikisikia wanabishana nilifurahi, maana asiyetaka binti habishanii ng'ombe wake. Walikula, wakashiba. Majirani waliokuja na mikeka ya msiba walikalia mikeka ile ile wakala nao, hakuna aliyerudi nyumbani na njaa. Mama Doto alikuja kunong'ona, "Mama Kabula, bango limesomeka," na siku hiyo sikumjibu, nilimwongezea nyama.

Walipotaka kuondoka Shangazi Holo alisimama tena kwenye matuta. Nikaanza kuomba msamaha upya, nikamwambia kesho nayang'oa yote natupa. Akanishika mkono. "Usitupe. Kaburi la kaka jua linalichoma, kila tunachopanda kinakufa. Nichimbulie." Nikachimbua kwa mikono yangu, nikiwa na gauni langu la sherehe, nikamjazia beseni, akaingia nalo kwenye gari amelipakata. Dirishani akaniambia, "Nitampandia. Nitamwambia yametoka kwa wakwe zake."

Kabula sasa ni mke wa mtu, yuko Mwanhuzi, amenenepa. Mimi mbele ya nyumba yangu nafagia tu, pako peupe, na nimeapa sipandi hata mchicha kabla sijamwita Mama Doto aje atazame, na akinishauri nafunga mdomo (nauma ulimi, lakini nafunga). Kila kiangazi kikikaza Shangazi hunipigia simu. "Mayu," huniambia, "yamechanua kwa kaka." Nami humwambia wabeja, wabeja sana, na tukishakata simu nakaa chini nalia kidogo, safari hii nikijua ninayemlilia.