Mkono wa Shemeji Getini

Mlinzi wa geti walimwita Kufuli, na jina lilimkaa. Zamani alikuwa muuza nyama. Mpaka uliokuwa ukigombaniwa uliposogea hadi mita mia nne kutoka kwenye maghorofa yao, soko lilikufa, na wakazi wakamkabidhi filimbi, rungu na funguo. Walimtania kwamba hata mvua hupiga hodi kwake kwanza.

Siku hiyo ilikuwa mchana kweupe. Mkewe alikuwa ghorofani anafua. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi redio aliyekula kwao kila Jumapili, alikuwa ametoka kununua betri. Risasi za kwanza zilimpata muuza mkaa ng'ambo ya barabara. Alianguka juu ya magunia yake. Kisha wakaja watu saba au wanane kutoka upande wa waya wa mpakani, wanakimbia huku wakifyatua ovyo. Kufuli alipuliza filimbi na kulisukuma geti la chuma.

Shemeji alifika pakiwa pamebaki upenyo wa kiganja tu. Akapenyeza mkono.

"Shemeji, ni mimi! Fungua!"

Wale watu walikuwa hatua kumi nyuma yake. Ndani, watoto wa chekechea walikuwa bado uwanjani, mwalimu wao akiwakokota wawili wawili.

"Toa mkono!"

"Shemeji, wananiua!"

Kufuli alinyanyua rungu, akaupiga ule mkono. Haukutoka. Akaupiga tena, akasikia mifupa ikivunjika. Mkono ukachomoka, komeo likaingia, na hapo hapo risasi zikaligonga geti kama mvua ya mawe. Damu ilipita chini ya chuma ikamlowesha viatu. Bomu la mkono likarushwa juu ya ukuta. Lilimng'oa sikio la kushoto. Wanajeshi walipofika, wauaji walikuwa wamesharudi kwao.

Wakazi walimbeba juu juu, wanaimba. Mkewe alikwenda kuutambua mwili wa mdogo wake. Aliporudi alisimama mlangoni pa jiko.

"Risasi zilimwingia mgongoni," alisema. "Vidole vinne kavivunja nani?"

Kufuli angeweza kudanganya; siku ile hakuna ambaye asingemwamini.

"Mimi."

"Alikuita?"

"Aliniita."

Mwanamke alishika upawa wa chuma, akampiga nao kichwani, mabegani, kwenye bandeji ya sikio, mpaka mkono ukachoka. Kufuli hakujikinga. Majirani walisikia kila pigo kupitia ukutani, na hakuna aliyebisha hodi. Kesho yake mke alihamia kwa mama yake.

Alirudi mwezi wa saba tangu siku ile, bila kuitwa. Hulala chumba cha watoto wao. Humpikia mumewe, huongea naye habari za ada na maji, siku nyingine hata hucheka. Ila getini hapiti. Huzunguka hadi kwenye tundu la mtaro chini ya ukuta, nyuma ya tangi la maji, akainama na mzigo wake, akatambaa kuingia ndani.